Mkono Dirishani kwa Haji Abdulbasit

Wisal Sawwaf alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu alipogundua kwamba mtaa mzima ulikuwa ukimficha jambo moja, na kwamba aliyelificha kwa ustadi kuliko wote alikuwa mama yake mzazi.

Alizaliwa Bab Qinnasrin, Aleppo, katika nyumba ya mawe alimozaliwa baba yake na babu yake. Hakuolewa, na hakupenda kuulizwa kwa nini. Asubuhi alifundisha uchoraji katika shule ya msingi ya wasichana. Alasiri alikaa uani, karibu na birika, akaandika na kuchora vitabu vya watoto. Aliwaketisha vikongwe wa mtaa, akawachokoachokoa mpaka wakamtolea hadithi walizopewa na bibi zao: za jini anayeogopa sabuni, za binti aliyeolewa na mbuzi, za mfumaji aliyefuma mlango wa kutorokea. Kisha akazichora pamoja na vitasa vya milango, vyungu vya shaba na mitandio ya zamani, kila ushonaji na mtaa wake, kwa sababu aliona watoto wa shuleni wanawajua paka wa kwenye televisheni kuliko wanavyoijua nyumba ya babu yao.

Kitabu chake cha saba, *Bustani Ina Nafasi*, kilitoka masika ya mwaka 2005. Watoto wa Kiarabu, Kikurdi na Kiarmenia wanacheza katika bustani moja, na katikati yao yupo msichana aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Kilisomwa ukumbini, watu wakapiga makofi, Wisal akapewa cheti. Mama yake akakitundika juu ya friji.

Mtaani, hata hivyo, watu walimpenda kwa tahadhari, kama mtu anavyompenda mbwa wa jirani. Mwanamke anayeuliza, halafu anaandika! Katika nchi ile walikuwepo wengine waliouliza na kuandika, na hao hawakuwa wakiwaandikia watoto. Kwa hiyo walimsimulia habari za majini kadiri alivyotaka, lakini akigusa habari za walio hai, mazungumzo yaligeukia bei ya sukari.

Siku moja mwishoni mwa Agosti, Wisal alikuwa juu ya dari akianika pilipili nyekundu. Kichochoro chao ni chembamba kiasi kwamba ukinyoosha ufagio unagusa ukuta wa jirani. Jirani wa ng'ambo alikuwa Haji Abdulbasit, mpika sabuni ya ghar, ile ya kijani ya mafuta ya zeituni, na katika ghorofa ya juu ya nyumba yake palikuwa na dirisha dogo ambalo Wisal hakukumbuka kuliona likiwa wazi hata siku moja. Siku hiyo lilikuwa wazi, upana wa kiganja.

Mkono ukatokea. Ulikuwa mwembamba, vidole vimejikunja kama majani ya mzabibu yaliyokauka, na katikati ya vidole hivyo palikuwa na punda mdogo wa kijani, aliyechongwa kwa kipande cha sabuni. Mkono ukamsimamisha punda kwenye kizingiti, ukamgeuza juani, ukamgeuza tena, kama fundi anayetafuta kasoro. Kisha ukamchukua na kutoweka.

Wisal alikuwa na daftari mfukoni. Alichora papo hapo, vidole vyake vikiwasha kwa pilipili.

Nyumba ile aliijua. Alikuwemo Haji, alikuwemo mkewe Mama Nazih, na binti yao Rawiya wa miaka ishirini na mitatu. Nazih, mtoto wa kiume, alikuwa nchi za Ghuba akifanya kazi. Mtoto mdogo hakuwepo.

Aliteremka akamwambia mama yake, ambaye mtaa ulimwita Mama Wisal.

"Ni Rawiya huyo," mama alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Rawiya anavaa bangili sita. Huu ni mkono wa mtoto, mama."

"Basi ni jua. Jua la Agosti linaonyesha mengi. Kaa ule."

Wisal alikaa akala. Lakini alishangaa, maana mama yake, mwanamke aliyeweza kuhoji jambo la mbuzi aliyepotea mpaka akamjua mjomba wa mbuzi, hakuuliza mkono ulikuwa ukifanya nini.

Siku ya tatu wanawake walikusanyika uani kwa Mama Wisal kupasua pilipili na kutoa mbegu. Walikuwa watano, mikono imepakwa mafuta, vicheko vimejaa. Mama Nazih alikuwa akiwasimulia juu ya wachumba wa Rawiya: watu wa upande wa magharibi wa mji, kijana mhandisi, jina lake Luay, mama yake Bi Fakhriya anachagua maneno kama anayechagua dengu.

"Mungu akamilishe," wenzake walisema.

Wisal akauliza, na tangu siku hiyo alitamani aurudishe ulimi wake nyuma ya meno. "Mama Nazih, yule mtoto wa dirishani ni wa nani? Yule anayechonga sabuni. Ana mkono wa fundi, mashallah."

Visu vitano vilisimama.

"Mtoto gani?" Mama Nazih alisema. "Kwangu mimi mtoto wa mwisho ni Rawiya, na huyo anaolewa."

"Nilimwona, si mbali, hapa tu..."

"Mwalimu," Mama Nazih alikata, na kumwita mwalimu mbele ya wanawake waliomfunga nepi kulikuwa sawa na kumfungulia mlango atoke, "wewe kazi yako ni kuona vitu. Sisi kazi yetu ni pilipili."

Mmoja akasema kwamba sukari imepanda tena. Wote wakakubali kwamba ni kweli, imepanda.

Kesho yake dirisha lile lilikuwa limepigiliwa ubao kwa nje.

Tangu hapo kichochoro kikaingia baridi kabla ya majira yake. Baba Shukri, muuza mboga wa kona, kila akimwona Wisal alikuwa na mzaha mmoja: "Nichore basi, mwalimu, ila tumbo unipunguzie!" Sasa alipima bamia kimya, akiitazama penseli Wisal aliyoichomeka sikioni kama anayetazama nge. Watu wawili waliokuwa wakiongea mlangoni pa hamamu, bafu la mtaa, walinyamaza alipokaribia, lakini alishanasa mkia wa maneno: "...eti vitabu vya watoto. Ripoti hizo zinakwenda wapi, nani anajua?"

Wisal alicheka. Kisha hakucheka tena. Alifika nyumbani akafungua daftari, na ukurasa wenye mkono na punda haukuwemo. Ulikuwa umekatwa kwa wembe, safi, karibu na mshono, na mtu asiyejua daftari lile asingegundua.

Nani aliingia? Milango yao ilifungwa kwa komeo la ndani tu. Alimfikiria Mama Nazih, alimfikiria Rawiya, alimfikiria hata mwanamke aliyekuja kuazima ungo. Akaanza kulala na daftari chini ya mto. Na shuku ikizaa haizai mmoja: kama wamethubutu kukata karatasi, basi wanaficha nini ndani ya chumba kile? Alipanda darini mara tatu kwa siku kwa kisingizio cha kugeuza pilipili, akategea sikio. Alisikia redio. Alisikia kikohozi. Mara moja alisikia kicheko kilichokatwa katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Akilini mwake akaona mnyororo. Akaona mkeka mchafu, sahani ya bati. Aliwaza: mimi niliyepigiwa makofi ukumbini kwa ajili ya msichana wa kuchorwa, msichana wa kweli anaozea hatua nne kutoka kitandani kwangu! Akaandika barua kwa chama kimoja cha kutetea watoto huko mjini, kurasa mbili, na jina la Haji Abdulbasit kamili. Akaiweka kwenye droo ili aifikirie siku mbili.

Asubuhi ya pili mama yake aliileta barua mezani pamoja na zeituni na jibini.

"Mama, umefungua droo yangu?"

"Nimefungua. Na ule ukurasa nimeukata mimi, kwa wembe wa marehemu baba yako. Nikauchoma. Sasa kaa, usiniangalie hivyo, mimi si mwizi, mimi ni mama yako."

Wisal alikaa.

"Anaitwa Ghusun," mama alisema. "Miaka kumi na miwili iliyopita, siku ya theluji, mkunga akachelewa, nikaitwa mimi. Wewe ulikuwa Damasko kwenye mafunzo yenu. Mikono hii ndiyo iliyompokea. Kitovu kilimzunguka shingo, akatoka rangi ya bilingani. Nilimpuliza, nikampiga, nikamsomea. Akalia kwa kuchelewa. Miguu haikupata nguvu, na ulimi ni mzito. Akili ni wembe."

"Na wamemfungia miaka kumi na miwili?"

"Wamemlea. Kufungia na kulea wakati mwingine vinakaa chumba kimoja. Shangazi wa Haji alikuwa na mtoto wa namna hiyo, wakamtoa hadharani, na mabinti zake wanne wakazeekea nyumbani, maana watu walisema damu yao ina doa. Mama Nazih aliliona hilo kwa macho yake. Akaapa."

"Nani mwingine anajua?"

"Mtaa."

"Mtaa mzima? Hata Baba Shukri?"

"Baba Shukri ndiye anayemchagulia tikiti. Anapenda zenye mbegu chache."

Wisal alihisi kama mtu aliyekuwa akicheza ngoma akidhani watu wanamshangilia, kumbe wanamcheka nguo iliyochanika. "Na mimi? Mama, mimi nimeandika kitabu kizima kuhusu..."

"Wewe una kalamu, mwanangu. Kila kinachoingia machoni mwako kinatokea dukani. Tukwambieje?" Mama akasukuma barua katikati ya meza. "Ipeleke ukitaka. Lakini ujue watakaokuja kugonga mlango wa Haji si watu wa chama peke yao. Mlango ukishagongwa na serikali haufungi vizuri tena."

Barua iliishia jikoni, motoni. Lakini Wisal hakupata amani. Sasa aliwashuku wote, mpaka na wema wao, na alijishuku mwenyewe zaidi.

Wiki hiyo hiyo, kengele ya mapumziko ilipolia, mlinzi wa shule alimwambia ana mgeni. Mwanamke wa makamo alikuwa ameketi katika chumba cha walimu, koti jepesi la rangi ya maziwa, boksi la peremende za pistachio mapajani.

"Mimi ni Fakhriya, mama wa Luay," alisema. "Samahani kukuvamia kazini. Nimemnunulia mjukuu wangu kitabu chako. Kizuri."

"Ahsante, bi."

"Nakuuliza kama mama. Mwanangu anataka kuoa kichochoroni kwenu. Desturi ni kuwauliza majirani, nami nimewauliza. Muuza mboga, mke wa imamu, mwenye hamamu. Wote wamenijibu vizuri, na wote wamenijibu haraka. Anayejibu haraka alijiandaa. Kisha nikasikia kuna mwalimu pale ambaye hawezi kusema uongo hata umfinye." Akainama mbele. "Katika nyumba ya Haji Abdulbasit, kuna kitu?"

Wisal aliangalia boksi la peremende. Akisema hapana, anamfuta Ghusun duniani kwa mkono wake mwenyewe, yeye mwandishi wa bustani yenye nafasi. Akisema ndiyo, anamchinja Rawiya, na siri si yake. Uwanjani wasichana walikuwa wakipiga kelele za kuruka kamba.

"Bi Fakhriya," alisema mwisho, "nenda ukawaulize wenyewe."

Mgeni akatabasamu kidogo, bila furaha. "Ahsante, mwalimu. Umenijibu."

Aliondoka akaacha peremende mezani. Wisal alikaa pale mpaka kengele ilipolia tena, ndipo akaelewa alichokifanya. Alikuwa ameukwepa ukweli na ameukwepa uongo, na bado amefanya madhara ya vyote viwili.

Hakusubiri. Alasiri ile ile alivuka kichochoro akagonga mlango wa Haji Abdulbasit. Alifungua Rawiya, unga mikononi, na nyuma yake Mama Nazih.

"Nimekuja kuwaambia kabla hamjaambiwa," Wisal alisema, na akawaeleza neno kwa neno.

Mama Nazih alishika mwimo wa mlango. "'Nenda ukawaulize wenyewe'? Ndivyo ulivyomwambia? Bora ungepanda mnarani ukatangaza! Mwanamke huna mume, huna mtoto, hujui binti anavyosubiri! Umetuchora, umetuuza, sasa umekuja kuangalia tunavyoungua?"

"Mama, majirani," Rawiya alisema kwa sauti ya chini.

"Majirani gani? Jirani ndiye huyu!"

Ndipo kishindo kikasikika juu. Fimbo ikipiga sakafu: mara moja, mbili, tatu. Rawiya aliinua macho kwenye dari, akavuta pumzi.

"Anataka mwalimu aje juu," alisema.

"Hapandi mtu!"

Kishindo tena, safari hii bila kupumzika, mpaka vumbi la chokaa likadondoka begani kwa Mama Nazih. Akajipangusa, akatoa machozi ya hasira, akakaa kwenye ngazi ya chini. "Nendeni," alisema. "Nendeni tu. Mmemaliza kila kitu, mmebakisha nini?"

Chumba hakikuwa na mnyororo. Kulikuwa na godoro nene lenye foronya za kushonwa kwa mkono, redio, rafu ya vitabu, na sabuni: punda, ngamia, hua, basi lenye abiria, hamamu yenye paa la kuba, mwanamke mnene anayefanana sana na mke wa imamu. Chumba kizima kilinukia ghar. Wisal aliyekuwa amejiandaa kulia kwa huruma hakupata pa kuiweka.

Msichana alikuwa ameegemea mito, fimbo mkononi, nywele zimesukwa vizuri. Maneno yake yalitoka polepole, yakiburuzwa, na mwanzoni Rawiya aliyarudia.

"Wewe ndiye uliyeniziba dirisha," Ghusun alisema.

"Ndiyo," alisema. "Nisamehe."

"Umekuja kunichora."

"Hapana. Sikuja hata na kalamu."

"Muongo. Iko sikioni."

Wisal alijigusa. Ilikuwepo. Rawiya, pamoja na maafa yote ya siku ile, alitoa sauti iliyokuwa kama kicheko. Wisal akaichomoa penseli akaiweka sakafuni, na Ghusun akaisukuma kwa fimbo mpaka chini ya kabati.

Kisha akaonyesha rafu. *Bustani Ina Nafasi* ilikuwepo, pembe zimelegea. "Nimekisoma mara nne. Rawiya alininunulia. Alidhani nitafurahi." Alipumzika, akaendelea. "Yule msichana wa kwenye kiti. Kazi yake nini?"

"Anacheza na wenzake."

"Hachezi. Anatabasamu. Ukurasa wa tatu anatabasamu. Wa tisa anatabasamu. Ukurasa wa keki wote wana vipande mkononi, yeye anatabasamu, keki hana."

Wisal alikichukua kitabu, akafungua ukurasa wa keki. Watoto sita, vipande vitano. Alikuwa ameuchora mwenyewe, akaupaka rangi kwa siku mbili, ukapita kwa mhariri, kwa mpiga chapa, kwa ukumbi uliopiga makofi, na hakuna aliyehesabu.

"Na jina hana," Ghusun alisema. "Wote wana majina. Hata mbwa."

Wisal alijikuta amekaa sakafuni. Amekemewa na wakaguzi, amekatiwa sentensi na watu wa ofisi waliokuwa wakitafuta siasa ndani ya mbuzi, lakini hakuna aliyewahi kumsoma hivi.

Haji Abdulbasit aliporudi alipata habari uani. Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa sauti. Aliosha mikono muda mrefu kuliko kawaida. Mama Nazih alisema Alhamisi, akina Bi Fakhriya wakija kuposa, mlango wa juu utafungwa kama siku zote, na wakiuliza wataambiwa ni maneno ya wivu ya mwanamke asiyeolewa. Ndipo Rawiya, aliyekuwa akikanda unga ule ule tangu mchana, akasema:

"Nikiolewa kwa kuficha, nitakuja kumtembelea mdogo wangu kwa kuiba mpaka lini? Nikizaa, nimwambie mwanangu huyu ni nani, mpangaji?"

"Utaachwa," mama yake alisema.

"Afadhali niachwe mlangoni kuliko kuachwa na watoto wawili."

Baba yake akatazama ngazi. Alhamisi alimbeba Ghusun mwenyewe, akamteremsha, akamketisha kando ya birika akiwa na gauni la buluu, mahali ambapo mgeni hawezi kuingia bila kumwona.

Wisal hakualikwa. Alisimuliwa baadaye, vipande kwa vipande, na kila mtu na kipande chake. Bi Fakhriya aliingia, akasimama, akauliza jina. "Ghusun," akajibiwa na Ghusun mwenyewe. Akamshika kichwa, akamsifu nywele. Luay akawa mwekundu akatazama viatu vyake. Kahawa ikaletwa, maneno mazuri yakasemwa kuhusu joto la mwaka huo. Wageni walipoondoka, Rawiya alikusanya vikombe, akaona cha Bi Fakhriya kimejaa hadi ukingoni, hakikuguswa. Hakuhitaji kungoja Jumamosi, ujumbe ulipoletwa: hakuna nasibu, Mungu amjalie aliye bora.

Rawiya alilia siku tatu. Siku ya nne alikutana na Wisal kichochoroni, macho yamevimba.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini ubao tumeung'oa. Na yeye anakuita. Jumanne, anasema. Uje mikono mitupu."

Jumanne nne mfululizo Wisal alikaguliwa mlangoni pa chumba. Ghusun alimtaka ageuze mifuko, aonyeshe masikio yote mawili, hata avue viatu. Aliuliza maswali kama hakimu. Mbona huchori watu wabaya? Ukinichora utaniambia? Ukiambiwa futa, utafuta? Wisal alijibu yote, na mengine alishindwa akasema hajui, na aliona ni yale ya kushindwa ndiyo yaliyomlainisha yule msichana. Jumanne ya tano Ghusun alisema, "Leta daftari. Lakini hadithi ni yangu."

Hadithi yenyewe ilimhusu binti wa mpika sabuni, jina lake Ghusun, asiyeweza kutembea, mwenye kiburi, mwongo, na mwizi. Kila wiki anaiba kipande kwenye minara ya sabuni ya baba yake iliyopangwa ghalani kukauka, na kuwasingizia panya. Mshirika wake ni dada yake mkubwa. Wisal alicheka mpaka Rawiya, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akawa rangi ya komamanga.

"Ni kweli?" Wisal aliuliza.

"Mlima huu wote wa wanyama umetoka wapi, unadhani?" Ghusun alisema.

Ilibidi Haji aambiwe. Kumbe mwaka mzima alikuwa akimshuku mfanyakazi wake wa ghalani, mzee wa watu, na alishanunua mitego kumi na miwili. Alikwenda akamwomba radhi yule mzee kwa kumbusu bega, mbele ya watu. Kisha akarudi na kuweka mlangoni kwa Ghusun sanduku zima la vipande vilivyovunjika.

Mchapishaji wa kwanza alikikataa kitabu. "Mtoto mlemavu, tena mwizi?" alimwambia Wisal. "Wazazi watasema tunawatukana wagonjwa. Mfanye awe na subira." Alikuwa ndiye aliyechapisha ile bustani. Wa pili alikubali, baada ya kuuliza mara tatu kama kuna maana iliyojificha ndani ya panya.

Mama Nazih alikaa mwaka mzima bila kuingia uani kwa Mama Wisal. Pilipili za mwaka uliofuata alipasua peke yake. Akikutana na Wisal alimsalimu, maana salamu ni haki ya jirani, lakini alipita ukutani kama mtu anayepishana na rangi mbichi. Rawiya aliolewa baadaye, na fundi wa redio wa mtaa wa pili, ambaye mama yake aliuliza swali moja tu, kama bibi harusi anajua kutengeneza kubba, yale madonge ya ngano na nyama, isiyopasuka. Hata hapo Mama Nazih alisema ni bahati, si Wisal.

Kitabu kilipotoka, shule ya Wisal ilikisoma ukumbini. Haji alimleta Ghusun kwa kiti cha magurudumu walichokinunua yeye na Nazih. Magurudumu yalikwama mara mbili kwenye mawe ya kichochoro, na Baba Shukri akaacha duka wazi akaja kuinua upande mmoja. Jina la Ghusun lilikuwa juu ya jina la Wisal kwenye jalada. Ndivyo walivyopatana.

Wisal alisoma. Wasichana walicheka penye panya, wakanyamaza penye mfanyakazi aliyesingiziwa. Mwisho, mmoja wa darasa la tatu akanyoosha mkono.

"Ni kweli uliiba?"

Ghusun alimkazia macho. "Nani kakutuma uulize?"

Ukumbi ukavunjika kwa vicheko, na yule mtoto akacheka pia, akasema hakutumwa. "Basi ni kweli," Ghusun alimjibu. "Vipande sabini na kitu."

Kisha wakajipanga kusainiwa vitabu vyao. Ghusun alishika kalamu kwa mkono ule uliojikunja, ulimi umetoka kidogo pembeni, akaanza herufi ya kwanza. Ilimchukua muda. Ya pili ilimchukua muda zaidi. Mwalimu mkuu, mwanamke mwema, akainama akasema, "Binti yangu, nikusaidie? Foleni ni ndefu."

Ghusun akakivuta kitabu kifuani. Alimtazama mwalimu mkuu, kisha foleni iliyofika mpaka mlangoni, kisha akakirudisha mezani na kuendelea na herufi ya tatu, polepole kuliko ya pili, na watu wakasubiri.